Uloto wa Mzazi Nao Uhesabiwe

Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ilianza kuwapandikiza uloto watoto wenye selimundu. Hatua hiyo tuliipokea kwa furaha, na hadi leo tunawapongeza madaktari na Serikali kwa kuithubutu. Hata hivyo mlango wa matibabu hayo ni mwembamba, na ni wajibu wetu kusema kwa nini.

Mtoaji anayefaa zaidi ni ndugu wa baba na mama mmoja ambaye alama zake za kinga zinalingana kabisa na za mgonjwa. Kila ndugu ana nafasi moja tu kati ya nne ya kulingana hivyo. Kwa mtoto mwenye ndugu wawili, uwezekano wa kukosa mtoaji unazidi nusu, tena hapo hatujauliza kama ndugu hao wenyewe ni wazima.

Tunaitaja Handeni na Korogwe kwa sababu uwanda ule ulio chini ya milima ya Usambara ni nchi ya malaria tangu zamani. Mwaka 1954 Dakta A. C. Allison alionyesha kwamba aliyerithi chembe ya selimundu kwa mzazi mmoja tu hukingwa na malaria kali; aliyerithi kwa wote wawili huugua. Urithi huo huo umo Unguja na Pemba. Malaria imepungua sana huku visiwani, lakini urithi hauondoki na mbu. Inakadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu nchini kila mwaka. Tukumbuke pia kwamba Korogwe ni miongoni mwa mahali ambapo chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa kati ya 2009 na 2014. Wazazi waliowatoa watoto wao ili dunia ipate chanjo hawastahili kuwa wa mwisho kupata tiba mpya.

Je, mzazi hawezi kutoa uloto wake? Kila mzazi analingana na mwanawe kwa nusu, na hata akiwa amebeba chembe moja ya selimundu anaweza kutoa, kwani mtoto atakuwa na damu kama yake, naye mzazi si mgonjwa. Kikwazo ni seli za T, yaani askari wa kinga wanaokuja pamoja na uloto. Wakifika katika mwili mgeni huuona ni adui, wakaushambulia ngozi, ini na matumbo.

Miaka ya 1980 wataalamu walijaribu kuwaondoa askari wote. Mashambulizi yalipungua, lakini uloto ulikataliwa mara nyingi, na wagonjwa wakabaki bila kinga dhidi ya virusi. Ndipo ikaonekana heri kuchagua. Sasa ziko mashine zinazotumia sumaku kuzitoa zile seli za T zenye kuleta madhara na kuziacha nyingine zilinde mwili. Njia hiyo ni nzuri, lakini vifaa vyake ni ghali mno.

Iko njia ya pili, iliyokuzwa katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore. Uloto hutiwa pamoja na askari wake wote. Siku ya tatu na ya nne, wale waliokwisha kuuchukia mwili huwa wameanza kuzaana kwa kasi, na hapo mgonjwa hupewa dawa ya saiklofosfamaidi, ambayo huwaua hao na kuziacha seli mama za damu. Katika uchunguzi mmoja wa watu wazima 42 wenye selimundu waliotibiwa kwa njia hii, wapatao 95 kwa kila 100 walikuwa hai baada ya miaka miwili. Na dawa yenyewe si ngeni wala si ya anasa: ilitumika Afrika Mashariki tangu miaka ya 1960 kutibu uvimbe wa taya wa watoto uitwao Burkitt.

Hatusemi kwamba kazi ni nyepesi. Inahitaji vyumba vya kutengwa, damu salama na maabara ya kupima virusi, na dawa za kuandaa mwili zaweza kumwondolea mtoto uwezo wa kuzaa baadaye. Mzazi aelezwe yote hayo kabla hajatia sahihi.

Tunaiomba Wizara ya Afya iweke mpango wa kuwafundisha wataalamu wetu njia hii ya pili. Kwa kuwa afya si jambo la Muungano, tunaiomba pia Wizara ya Zanzibar ikubaliane na mwenzake, kwa maandishi, nani atalipa mtoto wa Wete anapopelekwa Dodoma. Wakati huo huo watoto wachanga wapimwe damu huko huko wanakozaliwa, na haidroksiyurea isikosekane katika hospitali za wilaya. Mtoto wa Handeni ambaye ugonjwa wake unagunduliwa baada ya kupooza, hata uloto wa mama yake utamfikia kwa kuchelewa.