Sanduku Lako Litabebwa Mara Ngapi?

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa rahisi ni ghali. Methali hii hunijia kila muhula unapofunguliwa, niwaonapo wenzetu watokao Kisumu wakifika hapa Mbita hoi bin taabani: sanduku limebonyea, godoro limelowa, na mfukoni hamna hata shilingi ya chai. Ukiwauliza wamepitia wapi, watakujibu, "Si tulikata njia!"

Msomaji mpendwa, njia za kutoka Kisumu ni mbili. Ya kwanza ni ya gari tupu, kupitia Ahero, Katito, Kendu Bay na Homa Bay. Ya pili hufuata kaskazini mwa Ghuba ya Winam, kupitia Kisian na Ndori hadi ufuo wa Luanda Kotieno, kisha unavuka kwa feri. Kwenye ramani feri inavutia, kwani barabara inaizunguka ghuba nzima ilhali feri inakata maji. Lakini ramani haibebi sanduku.

Maoni yangu ni haya: mwenye mzigo aulize kwanza mzigo huo utanyanyuliwa mara ngapi. Kila unaponyanyuliwa pana mkono unaotaka kulipwa, pana nafasi ya kuanguka, na pana dakika ambapo macho yako hayauoni. Hebu tupige hesabu. Gari la moja kwa moja kupitia Homa Bay ni kupakia Kisumu na kushusha Mbita, yaani mara 2. Ukibadilisha gari Homa Bay, mara 4. Njia ya feri ni mara 2 za gari na mara 2 za feri, jumla 4, na ukibadilisha gari Ndori zinakuwa 6. Hapo bado hujatafuta boda boda ya kukufikisha langoni!

Jambo hili si geni Kisumu. Meli ya William Mackinnon, iliyoshushwa majini hapo mwaka 1900, ililetwa kutoka Uingereza ikiwa vipande vipande, na wapagazi wakavibeba vingi vya vipande hivyo. Kazi hiyo ilichukua miaka. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, mzigo ukawa unapakiwa Mombasa na kushushwa ziwani. Mikono ilipungua, na hasara ikapungua nayo.

Najua wapo watakaonipinga. Watasema matatu hubana watu kama dagaa guniani, huku makanga akipiga kelele, "Songa kidogo, dada, bado kuna nafasi!" Watasema pia kuwa ndani ya feri kuna upepo mwanana, na Rusinga unaiona mbele yako. Sikatai. Likizo ikifika nawe una mkoba mmoja tu mgongoni, panda feri ujionee. Tena wazazi wakichanga pesa wakakodi gari moja, gari lenyewe huingia ferini na mizigo ndani. Hapo sanduku litashikwa mara 2 tu.

Ninachopinga kabisa ni ule ujanja wa tatu: mtu akichelewa feri anarukia mashua ya injini iliyokwisha kujaa. Jua likishapanda, upepo wa ziwa huvuma, na mawimbi ya alasiri si ya asubuhi. Masanduku ya bati yakirundikwa juu ya magunia, mashua hulemea upande mmoja. Sanduku litanunuliwa jingine. Wewe je, utanunuliwa wapi?

Basi, mwenzangu, andika jina lako kwa rangi juu ya sanduku. Patana bei ya mzigo kabla haujapakiwa, maana ukishapanda gari, makanga ndiye hakimu. Ondoka alfajiri. Na uulize steji, "Hili linafika Mbita, ama linaishia Homa Bay?"

Kwa walimu wetu wapendwa nina ombi moja: turuhusiwe kuacha magodoro bwenini wakati wa likizo. Godoro ndilo mzigo mkubwa kuliko yote, na ndilo hulowa. Chumba kimoja chenye kufuli kingewapunguzia wazazi gharama, na mwanafunzi angeingia darasani siku ya kwanza akiwa na nguvu za kusoma badala ya kuuguza mabega.