Lori linalobeba mahindi ya Eldoret ni la Kenya?

MALORI mengi ya Isuzu yanayosafirisha mahindi kutoka Eldoret yaliunganishwa Nairobi kwa mikono ya Wakenya. Je, hilo latosha kuyaita ya Kenya?

Kiwanda hicho kilianzishwa mwaka wa 1975 kwa ubia wa serikali na General Motors ya Marekani. Mnamo 2017, Wamarekani waliiuzia Isuzu ya Japani hisa zao, asilimia 57.7, huku serikali ikisalia mwanahisa. Jina la kampuni likabadilika. Lori likabaki lile lile. Hisa, basi, ni kipimo hafifu.

Kipimo kizito ni vipuri. Injini hutoka ng'ambo, na vipuri vinavyoletwa kuunganishwa nchini husamehewa ushuru wa forodha. Pengo la msamaha huo hujazwa na walipa kodi, akiwemo mkulima wa Uasin Gishu. Ana haki ya kuuliza ni kiasi gani cha lori hilo kimetengenezwa humu, zaidi ya bodi, viti na betri.

Gari la Nyayo, lililozinduliwa 1990, lilibuniwa na kuundwa nchini. Halikuwahi kufika sokoni.