Tutajieni Mwajiri Kwanza

Tangazo linasema "mteja wetu, taasisi kubwa inayoheshimika". Anatafutwa meneja wa mradi: shahada, uzoefu wa miaka saba, cheti cha PMP, awe tayari kukaa mikoani. Mshahara ni "mnono kwa mwenye sifa". Jina la mteja halipo, na ukiuliza kwenye usaili unajibiwa kuwa ni siri hadi hatua ya mwisho.

Siri hii ikome.

Wakala wa ajira anakutaka umwage kila kitu: slipu za mshahara za miezi mitatu, namba ya kitambulisho cha NIDA, simu za mabosi wako wa zamani. Ukishamwonyesha slipu, bei yako keshaijua. Mteja anamlipa wakala kiasi gani kwa ajili yako, hutaambiwa kamwe. Uliza bajeti ya mradi ni shilingi ngapi, mfadhili ni nani na meneja aliyepita aliondoka kwa nini. "Hayo utayajua mbele ya safari," anasema msaili huku akirudi kwenye karatasi yake ya maswali. Jamani! Meneja anayeupokea mradi bila kuyajua hayo hafai kukabidhiwa hata ujenzi wa choo cha shule. Usaili wa namna hii unawachuja wanaouliza na kuwabakiza wanaonyamaza, halafu tunashangaa miradi inakwama.

Kisha inakuja ile "kazi ndogo ya kupima uwezo": andaa mpango kazi wa mwaka mzima, mchanganuo wa bajeti na rejista ya vihatarishi vya mradi wa maji, utume ndani ya siku mbili. Hiyo ni kazi ya mshauri mwelekezi, na mshauri mwelekezi hulipwa. Kuikusanya bure kutoka kwa watu wasio na ajira ni wizi.

Ukifaulu, mkataba unasainiwa na wakala, wa miezi mitatu mitatu. Hapa ndipo siri inapouma. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamnyima kinga dhidi ya kuachishwa isivyo haki mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi sita kwa mwajiri yuleyule, hata mikataba yake ikijumlishwa. Kwa mwajiri yuleyule! Leo umesainishwa na wakala huyu, kesho unahamishiwa kwa mwingine, meza ni ileile, mradi ni uleule, na hesabu yako inataka kuanzishwa upya. Na kanuni za mwaka 2017 ziliweka wazi kwamba mkataba wa muda maalumu wa mtaalamu au kada ya menejimenti usipungue miezi 12. Hiyo mitatu imetoka wapi?

Mtu huyu ndiye atakayeidhinisha malipo ya mkandarasi. Ndiye mkaguzi atakayemkalia kooni risiti ikikosekana. Tunambebesha dhamana yote ya mradi, yeye mwenyewe hajui siku akivunjika mguu eneo la ujenzi amdai nani fidia.

Wizara yenye dhamana ya kazi itoe agizo: hakuna kuitwa kwenye usaili kabla msailiwa hajapewa kwa maandishi jina la mwajiri, kiwango cha mshahara na jina la atakayesaini mkataba. Wakala atakayekataa, leseni yake isihuishwe.