Fani si Orodha

Katika madarasa mengi ya sekondari, mwanafunzi huchambua riwaya mithili ya karani ahesabuye magunia ghalani: tashibiha tatu, tashihisi mbili, maudhui ukurasa mwingine. Huo si uhakiki, ndugu walimu! Itazameni Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951, enzi za ukoloni. Kijana huandika “mandhari: nchi ya angani”, akapata alama yake, basi. Nani amemwuliza kwa nini nchi hiyo ielee hewani? Kwa nini Karama, mshtakiwa, ajitetee kwa kusimulia safari za wajumbe sita mbele ya utawala ule ule uliowafunga? Masimulizi hayo ndiyo mashtaka yenyewe, na mshtakiwa amegeuka mshitaki. Mitihani na iulize hilo kwanza. Hesabu ya tashibiha ingoje.