Riwaya ya Nyangumi na Kicheko Chenye Elimu

Nakala yangu ya riwaya ya Christopher Moore, Mmarekani, iliyotoka mwaka 2003 kwa jina la Fluke, imekwisha kupita mikononi mwa masahibu watatu, na kila aliyenirejeshea alikuwa akicheka na kuuliza swali lile lile: je, ni kweli nyangumi huimba? Swali hilo ndilo lililonitia hamu ya kuandika makala haya, kwani kitabu cha mzaha kimfanyacho mtu mzima, asiyepata kushughulishwa tangu kuzaliwa kwake na hali za viumbe wa baharini, aanze kuulizia elimu yao, hakistahili kupuuzwa hata chembe.

Kisa chenyewe kimewekwa Lahaina, bandari ya kisiwa cha Maui katika Hawaii, ambako karne ya kumi na tisa zilitia nanga merikebu za wawindaji wa nyangumi, na ambako leo nyangumi wa nundu huja kila majira ya baridi ya kaskazini kutoka bahari ya Alaska, kupandana na kuzaa. Mtafiti Nate Quinn, aliyeumaliza ujana wake akitafuta sababu ya nyimbo zao, amwona mmoja akiinua mkia ili azame. Na upande wa chini wa mkia huo, pale ambapo wataalamu humtambua kila nyangumi kwa mabaka yake kama karani atambuavyo alama ya dole gumba, pameandikwa kwa herufi kubwa maneno mawili ya ujeuri. Picha yatoweka, ofisi yavurugwa, na bibi tajiri anayewafadhili aleta habari kwamba nyangumi ataka apelekewe mkate wa nyama. Baadaye Nate amezwa mzima mzima, na msomaji wa pwani hana budi kumkumbuka Nabii Yunus.

Kicheko hicho kimejengwa juu ya mambo ya yakini. Roger Payne na Scott McVay walizieleza nyimbo hizo katika jarida la Science mwaka 1971, na tangu hapo imejulikana kwamba waimbao ni madume peke yao, kwamba madume wa eneo moja huimba wimbo mmoja, na kwamba wimbo huo hubadilika kidogo kidogo mwaka hadi mwaka, wote wakiyafuata mabadiliko hayo pamoja; lakini kwa nini waimbe, wataalamu hawajaafikiana hata leo. Moore amekitabaruku kitabu chake kwa Jim Darling, Flip Nicklin na Meagan Jones, watu ambao kazi yao ni hao hao nyangumi, na athari ya ujirani huo yaonekana katika kila ukurasa wa mwanzo: kutwa nzima juani ndani ya mashua ndogo, chombo cha kunasia sauti kikiwa kimeteremshwa majini, madaftari yaliyolowa chumvi, na unyonge wa mtu mwenye ilimu anayelazimika kuomba fedha kwa wasiojua anachokitafuta. Sijapata kuona riwaya nyingine iliyoionyesha subira ya mtafiti kwa mapenzi kama haya.

Nusu ya pili, ambamo mwandishi azama chini ya bahari na kubuni mji mzima na viumbe wake, hainikinaishi kwa kadiri hiyo. Ajabu zikizidi, zile kweli ndogo ndogo zilizotupendeza zafunikwa. Kadhalika kuna maneno machafu, kwa hiyo kitabu si cha watoto.

Laiti tungekipata kwa Kiswahili! Taabu yaanzia kwenye jina, kwani neno hilo moja kwa Kiingereza ni mkia wa nyangumi na pia ni bahati ya nasibu; na yale maneno mawili ya mkiani, yakifasiriwa neno kwa neno, yangekuwa ni kuomba kung'atwa, jambo lisilo na ufidhuli wowote kwetu, hata mfasiri mwenye sikio angeandika tu «Kwenda zako!» na kila msomaji wa Lamu au Unguja angeangua kicheko pale pale. Lugha yetu, iliyozoea utani tangu jadi, haishindwi na kazi hiyo.

Wala jambo lenyewe si la ugenini. Nyangumi wa nundu hupita mbele ya Watamu na Unguja, baina ya Julai na Oktoba, wakitoka bahari baridi za kusini kuja kuzaa katika maji yetu ya vuguvugu, na wavuvi wetu huwaona wakirusha maji, ilhali wanafunzi wetu wengi wadhani kwamba nyangumi ni mnyama wa vitabuni. Lahaina ya riwaya hii, kwa upande wake, imeteketea kwa sehemu kubwa katika moto wa Agosti 2023, na bandari aliyoichora Moore kwa furaha yote hiyo twaweza kuizuru humo kurasani tu.

Nawasihi basi wachapishaji wa Nairobi na Dar es Salaam wamtafute mfasiri hodari na haki za kuitafsiri riwaya hii. Nawe msomaji, ukijaliwa kuipata nakala, usiifungie sandukuni, bali ukimaliza mpe jirani, na msimu wa kusi utakapofika nendeni pamoja ufukweni mkawatazame nyangumi.