Jino Lisingoje Kuuma

Katika shule nyingi hapa Ukambani hamtakosa mwanafunzi anayetafuna karafuu ili jino litulie. Akifika hospitalini, jino limekwisha, linang'olewa. Tumezoea hivyo hata tunadhani kazi ya daktari wa meno ni kung'oa tu. Mimi napinga kabisa.

Uozo hauanzi na maumivu. Bakteria hula sukari ya chai na mandazi tunayobugia wakati wa mapumziko, hutoa asidi, nayo asidi huyeyusha madini ya enameli, lile gamba gumu la nje. Enameli haina neva. Kwa hivyo jino laweza kuoza miezi mingi, hata miaka, mwenyewe hana habari, hasa katikati ya magego mawili ambapo mswaki haufiki na jicho la daktari halifiki. Eksirei nayo, uozo ukiwa mchanga sana, mara nyingi haiuonyeshi.

Siku hizi kuna njia ya mwanga. Kifaa kidogo humulika jino kutoka pande mbili kwa mwanga wa infraredi, ambao macho yetu hayauoni. Enameli nzima huupitisha; penye uozo mwanga hutawanyika, na kamera huonyesha doa jeusi. Wazo lenyewe si geni, maana kumulika meno kwa nyuzi za kioo kulielezwa tangu 1970. Hakuna miale ya eksirei, basi hata mtoto anaweza kupimwa mara kwa mara. Doa likionekana mapema halihitaji kutobolewa: floraidi na kupunguza sukari huweza kulisimamisha. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa mdomoni ni ghali jamani!

Najua wengine watauliza, kaunti ambazo watu wanachimba mchanga mtoni kutafuta maji zitanunua taa za meno? Swali ni la haki. Lakini uchunguzi wa kitaifa wa 2015 ulikuta karibu robo ya watoto wa Kenya wana meno yaliyooza. Tena mwaka 2016 Makueni ilianzisha MakueniCare, familia ikijiandikisha kwa shilingi 500 tu kwa mwaka. Kwa hivyo tusiambiwe haiwezekani. Kifaa hiki hubebeka. Afisa wa afya ya kinywa anaweza kukifikisha Mutomo, Kyuso au Kibwezi. Ni kweli hakionyeshi jipu la mzizini, hiyo bado ni kazi ya eksirei.

Wazee wetu Wakamba walichonga meno ya mbele yakawa na ncha, wakavumilia uchungu kwa sababu ya urembo. Sisi tunapoteza magego bure bilashi. Naomba Kitui na Makueni zianze na kifaa kimoja kimoja, na shule yetu iombe kupimwa muhula huu. Walimu wakiandika barua, sisi wa kutwa tunapita hospitalini kila jioni, tutaipeleka wenyewe.