Mahagi: Daftari la maktaba laweza kumsaidia mwanafunzi wa TFC

Muda wa kuandika TFC unapokaribia, mwanafunzi wa Mahagi hujiuliza: nani atanielekeza kwenye vitabu vya utafiti wangu? Anayekosa msaada karibu hutazama Bunia, penye Chuo Kikuu cha Bunia (UNIBU) na Chuo Kikuu cha Shalom. Ni safari ya zaidi ya kilomita 150 kwa barabara ya kitaifa nambari 27, ambako watu wenye silaha wameshambulia wasafiri mara nyingi.

Ndiyo maana maktaba za vyuo vya Mahagi zinapaswa kujua wanafunzi wanatafuta nini. Kazi hiyo haidai kompyuta wala intaneti. Daftari latosha: tarehe, saa, kitivo, mada, dakika za mazungumzo, na kama mwanafunzi alipata alichohitaji.

Mwisho wa muhula, hesabu itaonyesha njia. Ikiwa wengi huja alasiri, mhudumu asifunge saa sita. Ikiwa wanafunzi wa kilimo ndio wanaotoka mikono mitupu, pesa ya vitabu ianzie kwao. Ikiwa wengi wanauliza jinsi ya kupanga orodha ya vitabu, somo moja la pamoja litaokoa saa nyingi.

Lakini jina la mwanafunzi lisiandikwe. Tangu tarehe 6 Mei 2021 Ituri iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, na anayechunguza zahabu au makundi yenye silaha anaweza kuhatarishwa na mada yake. Viongozi wa vyuo wakubaliane juu ya hilo kabla daftari halijafunguliwa.